Njia ya Kupita Shambani mwa Jirani: Ni Haki au Ni Hisani?



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini limetuletea mashtaka mengi mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya wenyeviti wa vijiji vyetu hapa Nakivale. Jambo lenyewe ni njia. Hatusemi njia ya wokovu, tunasema njia ya miguu, ile inayokata katikati ya ploti ya mtu kwenda bombani, shuleni, zahanatini au kanisani.

Mambo yalianza hivi. Mama mmoja mjane wa kanisa letu alikata matawi ya miiba akayalaza kwenye njia inayopita katika maharage yake. Asubuhi watoto waliokuwa wakienda bombani na majerikeni wakakuta pamefungwa. Jioni miiba ilikuwa imeondolewa na kutupwa juu ya maharage. Kesho yake mama akairudisha. Siku ya tatu maneno yakawa mengi, na siku ya nne hayakuwa tena maneno ya njia. Yalikuwa maneno ya kabila, ya nani alitoka mlima gani, na ya nani alifanya nini huko nyumbani wakati wa vita. Na hawa wote ni watu wanaoshiriki meza moja ya Bwana.

Wazee tukaitwa tuamue. Hatutataja majina, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Lakini swali lililoulizwa siku ile linatuhusu wote, kwa hiyo tunalileta kwenu: Je, mtu ana haki ya kupita katika shamba la jirani yake? Au kupita ni hisani tu, ambayo mwenye shamba anaweza kuitoa leo na kuiondoa kesho?

TUMSIKIE ANAYEFUNGA

Ni desturi yetu kumwona anayefunga njia kuwa mtu mwenye roho mbaya. Tusifanye haraka. Yule mama alitueleza mambo kwa utaratibu, na tulipokwenda kupima tukaona anasema kweli.

Ploti yake ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Njia ikiwa ya mita moja kwa upana na kukata ploti moja kwa moja, inachukua mita za mraba 30, sehemu moja katika thelathini. Hilo mtu anaweza kulivumilia. Lakini mvua ikinyesha njia inakuwa tope, na kila anayepita anakanyaga pembeni ili asiteleze. Wa kwanza anakanyaga mstari mmoja wa maharage, wa pili anakanyaga mstari unaofuata, na msimu unapokwisha njia ina upana wa mita tatu. Sasa ni mita za mraba 90, sehemu ya kumi ya ploti nzima. Hiyo ni zaka, ndugu zangu. Mama huyu anatoa zaka mbili: moja analeta kanisani kwa hiari yake, nyingine inachukuliwa na miguu ya watu bila yeye kuulizwa.

Tena tukumbuke nyakati tulizo nazo. Wale waliofika hapa zamani walipata sehemu kubwa, lakini kadiri watu walivyozidi kuja ndivyo ploti zilivyozidi kuwa ndogo. Na tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa katika miaka hii ya karibuni, na familia nyingine kuondolewa kabisa kwenye orodha, mstari mmoja wa maharage ni chakula cha siku kadhaa. Anayesema "ni njia tu" hajahesabu.

TUMSIKIE ANAYEPITA

Upande wa pili kuna mzee mmoja ambaye nyumba yake iko nyuma ya ploti ya mama huyu. Anatembea kwa gongo. Nyuma yake kuna bonde lenye maji, kushoto na kulia kuna ploti za watu wengine ambazo zimejengwa hadi mpakani. Hana mlango mwingine wa kutokea. Njia ile ikifungwa, mzee huyu amefungwa pamoja nayo. Hawezi kwenda kuchukua dawa, hawezi kwenda kuhakikiwa alama za vidole siku ya mgao, hawezi kuja ibadani. Alituambia kwamba waliompimia ploti ndio waliompimia hapo, yeye hakuchagua.

Basi tuna watu wawili, na kila mmoja anasema kweli. Hapo ndipo tunapojua kwamba swali hili ni gumu. Kama mmoja angekuwa mwongo, kazi yetu ingekuwa rahisi.

ARDHI HII NI YA NANI?

Wengine katika kikao walitaka kulimaliza jambo kwa haraka. Walisema: "Ardhi hii si ya mama wala si ya mzee. Ni ya Uganda. Sisi wote ni wageni. Kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kufunga." Na ni kweli kwamba Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010, zilizotoka baada ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, zinatupa ruhusa ya kuitumia ardhi tuliyogawiwa kwa kulima na kufuga, lakini hazituruhusu kuiuza wala kuikodisha.

Hata hivyo neno hilo halimalizi jambo. Kwanza, hata huko Kongo hali haikuwa tofauti sana kama tunavyodhani. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Je, kwa sababu hiyo kila mtu alikuwa na ruhusa ya kupita katika muhogo wa mama zetu? Hapana. Aliyelima ana haki juu ya jasho lake, hata kama udongo si wake. Pili, Maandiko yenyewe yanafundisha hivyo. Katika Walawi 25:23 Mungu anawaambia Israeli kwamba nchi ni yake, na wao ni wageni na wapitaji kwake. Lakini Mungu huyohuyo, katika Kumbukumbu la Torati 19:14 na 27:17, anakataza vikali kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Angalieni: wageni katika nchi ya Mungu, na bado mipaka inaheshimiwa. Kuwa mgeni hakumwondolei mtu mpaka wake.

Lakini kunaondoa kitu kingine. Kunaondoa neno lile "ni yangu, nitafanya nipendavyo". Mtu aliyepewa ardhi aitumie, asiiuze, anajua kwamba alipewa ili aishi. Na jirani yake naye alipewa ili aishi. Matumizi yangu yakimfanya jirani asiweze kuishi kabisa, nimepita mpaka wa kile nilichopewa. Kwa hiyo ugeni wetu haumwambii mama kwamba hana shamba. Unamwambia kwamba shamba lake haliwezi kuwa gereza la mzee.

SHERIA ZA WATU ZINASEMAJE?

Waliosoma kwetu kwa Kifaransa wanalijua neno la mahakamani "servitude", yaani mzigo ambao shamba moja linaubeba kwa faida ya shamba lingine. Sheria ya madai ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo nchi nyingi zilijifunza kwayo, inaeleza jambo hili katika kifungu cha 682 na cha 683. Mtu ambaye ardhi yake imezingirwa pande zote na haina njia ya kutosha kufika barabarani, anaweza kudai kupita katika ardhi ya jirani. Lakini analipa fidia kwa hasara anayoleta. Tena njia kwa kawaida inachukuliwa upande ulio mfupi, lakini iwekwe mahali ambapo itamletea mwenye ardhi madhara madogo zaidi.

Hatuandiki haya ili mwende mahakamani. Mtume Paulo ametuonya juu ya ndugu kumshitaki ndugu (1 Wakorintho 6). Tunaandika ili mwone kwamba hata watu wasiomtaja Mungu katika sheria yao waliona mambo matatu: mhitaji asifungiwe, mwenye shamba asipoteze bure, na njia isiwekwe katikati ya maharage ikiwa inaweza kupita pembeni. Itakuwa aibu kanisa likiona machache kuliko hayo.

ISRAELI NA EDOMU

Sasa tufungue Hesabu 20:14-21. Israeli wako safarini, wametoka utumwani, hawana nchi. Kwa neno letu tungesema ni wakimbizi. Wanafika mpakani mwa Edomu, nao ni ndugu, wana wa Esau. Musa anatuma wajumbe kwa mfalme. Anaeleza taabu yao, anaomba kupita, na anaweka ahadi: hawataingia mashambani wala katika mizabibu, hawatakunywa maji ya visima, watashika njia kuu bila kugeuka kulia wala kushoto. Edomu anakataa. Wanaomba tena na kuongeza kwamba mifugo yao ikinywa maji watalipa. Edomu anakataa tena na kutoka na watu wengi wenye silaha. Ndipo Israeli wakageuka, wakazunguka.

Tunajifunza nini? Kwanza, waliomba. Walikuwa wengi na Mungu alikuwa pamoja nao, lakini hawakusema "sisi ni watu wa Mungu, tutapita". Pili, walitaja mipaka yao wenyewe kabla hawajaulizwa. Tatu, walipokataliwa walizunguka, ingawa kuzunguka kulikuwa kwa uchungu. Nne, na hili ndilo kubwa, baadaye waliagizwa wasimchukie Mwedomu, kwa kuwa ni ndugu (Kumbukumbu la Torati 23:7). Njia ilifungwa, lakini udugu haukufungwa.

Mwingine atatukumbusha Sihoni, mfalme wa Waamori, ambaye naye alikataa na Israeli wakampiga wakachukua nchi yake (Hesabu 21:21-25). Someni vizuri. Sihoni hakukataa tu, alitoka akawashambulia jangwani. Edomu alikataa njia na hakupigwa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba njia iliyofungwa inampa ruhusa ya kuinua panga.

NJIA YA HAJA NA NJIA YA MKATO

Lakini tazameni tofauti moja. Israeli walikuwa na mahali pa kuzunguka. Mzee wetu mwenye gongo hana. Hapo tukaona kwamba katika njia ile moja walikuwa wanapita watu wa aina mbili, na sisi tulikuwa tunawahesabu kama aina moja.

Kuna anayepita kwa haja, maana hana njia nyingine. Huyu anaomba kile ambacho jirani hawezi kumnyima bila kumfungia. Kwake kupita ni haki, ingawa ni haki yenye masharti. Na kuna anayepita kwa mkato, maana njia nyingine ipo lakini ni ndefu. Huyu anaomba hisani. Akipewa, ashukuru. Akinyimwa, azunguke kama Israeli, tena azunguke bila kununa.

Kosa letu kubwa ni kwamba wa mkato wanajificha nyuma ya wa haja. Tunasema "mnamfungia mzee njia!", kumbe tunaotetea ni miguu yetu wenyewe.

Neno hili hatukulipata kwa hekima yetu. Tulipokuwa tumeketi tukimhoji yule mama, alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza swali moja tu: "Ninyi wazee wangu, Jumapili mnapita wapi?"

Tukatazamana. Kwa maana ukweli ni kwamba tunapita hapohapo. Kwaya inapita na ngoma zake, akina mama wanapita, wageni wanapita, na mashemasi wanapita na viti. Barabara ipo, lakini inaongeza kama dakika kumi. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba ruhusa mama huyu. Tulidhani kwa kuwa ni Mkristo, shamba lake ni la kanisa. Mzee mmoja mwenye gongo hawezi kufanya njia ya mita tatu. Sisi ndio tuliofanya njia ya mita tatu, kisha tukaja kuketi kama waamuzi.

MKONO NA KIKAPU

Sheria ya Musa ilimruhusu mpitaji kula zabibu za jirani mpaka ashibe, lakini asitie katika chombo chake. Aliruhusiwa kukwanyua masuke kwa mkono, lakini asipeleke mundu (Kumbukumbu la Torati 23:24-25). Bwana Yesu na wanafunzi wake walipita katika mashamba ya nafaka, na wanafunzi wakakwanyua masuke (Marko 2:23-28). Mafarisayo, ambao hawakukosa kosa la kutafuta, walilalamika juu ya sabato. Hawakulalamika kwamba wamepita, wala kwamba wamekula. Hiyo inatuonyesha kwamba kupita kwa amani katika shamba la mwingine lilikuwa jambo la kawaida kwao.

Lakini mkono si kikapu. Mpitaji mwenye njaa ni mkono. Umati unaopita kila wiki ni kikapu. Hisani inayofaa kwa mmoja inaweza kuwa uporaji ikifanywa na mia. Anayepita peke yake anasema, "mimi nimekanyaga mche mmoja tu", na anasema kweli. Lakini mia moja wakisema kweli hiyo, shamba limekwisha. Ndiyo maana haitoshi kila mtu kuwa na dhamiri safi peke yake. Lazima wanaopita wajihesabu pamoja.

TUSISAHAU TULIKOTOKA

Wengi wetu tulivuka mpaka wa Bunagana, wengine mwaka 2008, wengine 2012, wengine 2022, na wengine njia nyingine na miaka mingine. Usiku ule hatukuomba ruhusa. Tulipita katika migomba ya watu, katika viazi vya watu, na watoto mgongoni. Kuna mashamba tuliyoyakanyaga ambayo wenyewe hatutawajua mpaka siku ya mwisho. Anayefunga njia leo naye alipita hivyo. Alikumbuke hilo kabla hajalaza mwiba.

Lakini tunasema pia kwa wanaopita: deni hilo ni letu sote, halilipwi na mjane mmoja. Tusimtwishe mtu mmoja shukrani ya watu elfu.

Na tukumbuke jambo la mwisho juu ya nyumbani. Huko Kivu tunajua jinsi ugomvi wa ardhi unavyokua. Mashamba makubwa ya ng'ombe ya Masisi yalipozungushiwa uzio, wakulima wengi walikosa pa kulima. Mwaka 1993 damu ikamwagika Walikale na Masisi, na ardhi ilikuwa mojawapo ya mizizi ya vita ile, pamoja na uraia na kabila. Hatusemi miiba ya mama mmoja ni vita. Tunasema tumeona kwa macho yetu jinsi siku ya nne maneno ya njia yalivyogeuka kuwa maneno ya kabila. Sisi ni watu tunaojua barabara hiyo inaishia wapi.

TULIVYOKUBALIANA

Baada ya maombi tulikubaliana haya, nasi tunayatoa kwenu ili vijiji vingine vyenye shida kama hii vipate pa kuanzia.

1. Mzee mwenye gongo na nyumba yake watapita. Hilo si la kujadiliwa.

2. Njia itahamishwa kutoka katikati hadi mpakani, mita moja kwa upana. Nusu itatoka kwa mama na nusu kwa jirani wa pembeni, naye amekubali. Mama aliomba tusubiri mpaka avune maharage, tukaona ni haki.

3. Wanaopita wataichimbia mtaro wa maji na kuitia mawe, ili mvua isiwasukume tena shambani. Salongo itafanywa Jumamosi baada ya mavuno. Hiyo ndiyo fidia tunayoweza.

4. Baiskeli, mbuzi na ng'ombe hawatapita hapo.

5. Makubaliano yameandikwa katika daftari la mwenyekiti wa kijiji, ili mwenye ploti akihama au akipata safari ya kwenda nchi nyingine, anayekuja asianze ugomvi upya.

6. Kanisa litazunguka kwa barabara. Tumeanza Jumapili iliyopita. Ibada ilichelewa kidogo, na hakuna aliyekufa.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yamekwisha. Tulipomweleza mama kwamba kanisa halitapita tena shambani mwake, hakutushukuru, alisema tu, "Ni vema." Na ile nyumba iliyotupa miiba juu ya maharage bado haisalimiani naye. Waliomba msamaha juu ya maharage, lakini juu ya maneno ya kabila bado hawajasema kitu. Njia ya miguu tumeipima kwa kamba kwa saa moja. Njia ya moyo itachukua muda zaidi, nasi tunaomba mwiweke katika maombi yenu.

Basi kwa swali letu la mwanzo tunajibu hivi. Kwa asiye na njia nyingine, kupita ni haki, lakini apite kama mtu anayejua anabebwa na mwenzake. Kwa mwenye njia nyingine, kupita ni hisani, na hisani huombwa. Na kwa mwenye shamba, mpaka wake ni wa kuheshimiwa, lakini usiwe mwisho wa maisha ya jirani yake.

Jumapili hii, kabla hujakata kona, simama uulize: "Mama, naomba kupita." Ukiambiwa hapana, zunguka. Tutakungoja, hatutaanza wimbo wa kwanza bila wewe.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.

Ni sisi wazee na mashemasi wenu